Kioo cha Shemeji

Kiberiti alitoka nje na mswaki mdomoni, akakuta mama yake ameshamaliza kazi. Mama alikuwa amesimama kando ya gari, kanga kaifunga kiunoni, maji ya kijivu yanamchuruzika viganjani, na uso wake una ile furaha ya mtu anayengoja kusifiwa.

"Nimekusaidia, mwanangu," alisema. "Wale wadudu walikuwa wamegandia kioo kama ukoko. Maji matupu hayakuwaweza."

Chini, karibu na tairi, kulikuwa na ndoo, tambara na kopo. Kopo lilikuwa na mchanga laini uliochanganywa na majivu, ule ule ambao mama alisugulia masufuria mpaka yakafaa kujitazamia. Kiberiti aliutazama mchanga, akakitazama kioo cha mbele, akautazama tena mchanga. Povu la dawa ya meno lilimshuka kidevuni na hakulifuta.

Kutoka pale mlangoni kioo kilikuwa safi, hakuna la kusema. Lakini alipozunguka akasimama upande ambao jua lilikuwa linapanda juu ya paa la jirani, aliiona. Mikwaruzo. Myembamba, mingi, inazunguka vile mkono wa mama ulivyozunguka, kuanzia upande wa dereva hadi katikati ya kioo, mahali mkono ulipochoka.

"Vipi, mbona umenyamaza?" mama aliuliza.

"Kimetakata, mama. Ahsante."

"Ningemaliza na upande ule, basi tu mgongo."

"Hapana! Huo uache. Huo... nitamalizia mimi."

Akalichukua kopo mwenyewe, akaingia nalo ndani mpaka chumbani, akaliweka juu ya kitanda alipokuwa mkewe anakunja nguo.

"Unanipandishia mchanga kitandani, una wazimu?"

"Mama amekisugua kioo cha kaka yako na huu."

Mkewe alicheka. Lilikuwa cheko lililomtoka kabla hajafikiri, kisha akafikiri, akaketi. Akaushika mchanga kwa ncha za vidole kama anayepima unga wa dukani. "Yote? Kioo chote?"

"Upande wangu. Upande wa abiria amenihurumia."

Mke alikuwa fundi cherehani, mwenye baraza yake na wateja wake wa kukopa, lakini nyumba ile iliendeshwa na gari. Na gari halikuwa lao. Lilikuwa la kaka yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mzito wa mwili na wa maneno, ambaye Jumapili ile angekuja kulikagua mwenyewe. Kiwanda kimoja kilikuwa kinatafuta magari ya kubebea wafanyakazi wake, malipo ya kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Gari lingepelekwa huko. Jambo ambalo halijaamuliwa ni nani atakalia kiti cha dereva. Kiberiti alishakivunja kioo cha pembeni kwa kurudi nyuma bila kutazama, na akaubonyeza mlango kwa kuwahi abiria. Mara ya mwisho shemeji alisema, wote wakiwa mezani, mdomo umejaa wali: "Shemeji, nakupenda, lakini gari nalo nalipenda. Kikiharibika kitu kingine kwa pupa zako, funguo nampa yule dereva wangu wa lori, anazitaka siku nyingi." Watu walicheka. Kiberiti alicheka kuliko wote, na usingizi wa siku hiyo ukampita mbali.

"Tumwambie ukweli," mke alisema. "Kaka anamheshimu mama."

"Tumwambie mama yangu anaosha magari ya watu kwa mchanga? Na yeye mama nani atamwambia? Wewe?"

Mke alishika tena nguo aliyokuwa anakunja. Mama mkwe wake alikuwa amehamia kwao baada ya mvua kuiangusha nyumba yake, na tangu siku hiyo hakukaa bure hata saa moja. Alifua kabla hujavua. Alifagia mpaka uwanja wa jirani. Kumwambia kwamba ameharibu ilikuwa kama kumwambia afunge mizigo.

"Basi mama asijue," alisema. "Kitafutie dawa hicho kioo. Na toa mchanga kitandani kwangu."

Ukuta wa vyumba vile ulikuwa mbao nyembamba iliyopakwa rangi, na wote wawili walidhani wananong'ona.

*

Fundi vioo alikuwa na kibanda chenye turubai juu na vioo vimeegemezana kila upande, ukiingia unajiona mara nyingi hata usipopenda. Alilizunguka gari taratibu, akainama, akachungulia kwa ubavu, kisha akawaita wenziwe waliokuwa wanakunywa chai.

"Njooni muone! Bwana huyu ameosha gari kwa msasa!"

Walikuja na vikombe vyao. Mmoja akauliza kama rangi nayo ameisugua. Mwingine akataka kujua kama nyumbani anaogea kokoto. Kiberiti alisimama katikati yao, funguo zinazunguka kwenye kidole.

"Nani amefanya hivi?" fundi aliuliza.

"Mimi."

"Ulikuwa mzima?"

"Fundi, itatoka au haitoki? Nina haraka."

"Haraka nimeiona hapa kwenye kioo." Fundi alimshika mkono, akamfungua kidole, akakipitisha kwenye kioo. "Pitisha ukucha. Polepole. Ukikwama, ujue mkwaruzo umeingia ndani, hatuna la kufanya. Ukiteleza, tunauondoa."

Ukucha uliteleza. Kiberiti aliupitisha tena na tena, kila mstari, huku moyo unamrudi mahali pake, mpaka alipofika chini kidogo, mbele ya usukani kabisa. Hapo palikuwa na mmoja mrefu kama uzi, na ukucha ukasita juu yake.

Fundi alikiosha kioo kwa maji ya sabuni, akakikausha, akaingia ndani ya gari na kuizungushia mikwaruzo kwa kalamu ya wino mzito, ili asipotee akiwa nje. Kingo akazibandika karatasi ya gundi. Kisha akakoroga unga wake wa rangi ya waridi na maji kidogo mpaka ukawa kama uji mzito, akaupaka kwenye kidude cha duara cha kitambaa kigumu, akakifunga kwenye mashine. Mashine ililia, naye akaipitisha kwenye kioo kwa mwendo wa mtu anayepiga pasi nguo ya harusi. Hakutulia sehemu moja. Akipita kidogo anasimama, ananyunyiza maji, anaweka kiganja kuona kama kioo kimepata joto, anapangusa, anatazama, anaanza tena.

Kiberiti aliketi kwenye ndoo, akainuka. Akaenda barabarani, akarudi. "Bado?" aliuliza. Akaenda kununua maji, akayasahau kwenye kaunta. "Sasa bado?" Mmoja wa wale wa chai akamwambia akae, anawapa kizunguzungu.

Jua lilikuwa limeshageuka fundi alipolizima lile dude na kukifuta kioo kwa mara ya mwisho. Kiberiti aliingia ndani ya gari, akatazama jua uso kwa uso. Mikwaruzo ya mama ilikuwa imekwenda. Ungeweza kulia kwa furaha, na kwa kweli machozi yalimlenga. Lakini ule uzi ulikuwepo, umefifia, unang'aa ukiutafuta.

"Na huo?"

"Huo tuuache."

"Piga tena kidogo tu."

"Nikiukalia huo peke yake, nitakula kioo. Mkwaruzo utaondoka, lakini pataingia kibonde. Kwa mkono hukisikii, ila ukitazama barabara utaiona inapinda, kama unatazama ndani ya maji. Huo uzi hakuna atakayeuona ila anayeutafuta."

"Shemeji yangu ni mtu wa kutafuta."

"Basi mwombee apate la maana la kutafuta." Fundi alishaanza kukusanya vitu vyake.

Kiberiti alilipa. Kulikuwa na unga wa waridi uliobaki kwenye karatasi yake. Akauomba. Fundi aliacha kukusanya.

"Wa nini?"

"Akiba."

"Ndugu, usiguse kile kioo."

"Siwezi kukigusa," alisema Kiberiti, akaitia ile karatasi mfukoni.

*

Jumamosi mchana mkewe alikuwa barazani kwake anashona sare za shule, na mama alikuwa amejilaza chumbani baada ya chakula. Nyumba ilikuwa kimya, na Kiberiti hakuwahi kuuweza ukimya. Alikunywa chai amesimama. Alikwenda kwenye gari, akakaa, akautazama ule uzi, akatoka. Akarudi, akakitazama kioo kwa jicho moja. Uzi ulikuwa palepale. Alimwona shemeji akiinama na tumbo lake, akikunja uso, akisema "Hiki nini?" mbele ya majirani wote.

Alikwenda kwa seremala wa nyumba ya pili, akaazima drili. Kutoka kwenye blanketi kuukuu akakata duara, akalishonea kamba, akalifunga mbele ya drili. Akakoroga unga. Rangi ilikuwa ileile ya waridi, na hiyo ilimpa moyo.

Mwanzoni alikwenda vizuri. Alizungusha kama fundi alivyozungusha, akanyunyiza maji, akafuta. Uzi ulikuwepo. Akarudia. Uzi ulikuwepo. Mara ya tatu hakunyunyiza. Aliegemea drili kwa kifua, akaibana palepale, drili ikalia kwa uchungu, blanketi likatoa harufu ya kuungua, na yeye akawa anahesabu ushindi kichwani: mkataba, mshahara wa mwezi, shemeji kaufyata. Alipofuta, uzi haukuwepo.

Aliruka pale uwanjani kama aliyefunga goli. Akaingia kwenye gari, akashika usukani, akatazama mbele.

Nguzo ya umeme ya ng'ambo ilikuwa na tumbo.

Akainua kichwa kidogo, nguzo ikanyooka. Akakishusha, ikapinda. Mwanamke aliyekuwa anapita na mtungi alirefuka, akakatika shingo, akaungana tena upande wa pili na kwenda zake. Kiberiti alitamka tusi ambalo hajalitamka tangu aoe, tena kwa sauti, akalirudia. Kisha akairudisha drili kwa seremala, akalitupa blanketi jalalani, na mkewe aliporudi akamwambia kioo kimepona chote, fundi ni bingwa.

*

Jumapili alilipeleka gari kivulini mapema, pua imeelekea ukutani, ili mtu akikaa ndani asione ila tofali. Mke alikaanga mayai, akaandaa chai ya maziwa. Mama alivaa kanga mpya. Shemeji alifika akihema, akamwamkia mama kwa adabu zote, akaulizia mgongo wake, akala mayai, akajifuta mdomo, akasema, "Haya, tukamwone mgonjwa."

Aligonga matairi kwa kiatu. Akafungua boneti, akaifunga. Akautazama mlango uliobonyea, akamtazama Kiberiti, akaguna. Kioo akakipitia kwa macho, akasema kinang'aa, hongera. Kisha shemeji akaingia kiti cha dereva na kuliwasha.

"Shemeji, kukagua huku kunatosha, au unaonaje?"

"Nalitoa kidogo nisikie gia."

Gari likarudi nyuma, likageuka, likatazama barabara. Likasimama. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha kichwa cha shemeji kilionekana kinapanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

Alizima gari, akashuka, akasimama juani. "Njooni hapa." Kiberiti akaja, mkewe nyuma yake, mama akaja polepole na kubaki kwenye kizingiti. Majirani wawili walikuwa ukutani kwao, na hakuna aliyejifanya ana kazi.

"Kioo hiki kina nini? Nguzo inacheza. Ile nguzo ya umeme, inacheza! Watu wa kiwanda watapanda gari hili wafikiri wamelewa. Nani amekifanya nini kioo changu?"

Kiberiti alifungua mdomo. Alikuwa na neno lake tayari tangu Ijumaa, neno moja, alishalisema kwa fundi bila shida na watu wanamcheka. Mimi. Lakini siku ile halikuwa kweli, na leo lilikuwa kweli, na halikutoka. Alimwona dereva wa lori anavuta kiti mbele, anarekebisha kioo cha ndani. Alitazama tairi.

"Nauliza."

Mkewe alimgeukia.

"Ni mimi, baba," alisema mama kutoka mlangoni. "Kilikuwa na wadudu. Nikakisugua kwa mchanga na majivu."

Shemeji alibaki na mkono hewani. Ukali wote ulimtoka usoni, pakabaki uso wa mtu aliyekuwa karibu kumkanyaga mtoto. "Mchanga? Mama yangu... mchanga?"

"Masufuria hayajawahi kulalamika."

Jirani mmoja alicheka, na hilo likamwokoa shemeji, naye akacheka, tumbo likatikisika. "Haya, yameisha. Kwa mama sina neno. Nitaweka kioo kingine kwa mfuko wangu kabla ya ukaguzi wa kiwanda. Shemeji, wewe utaendelea, wiki ijayo uripoti." Kisha akamshika Kiberiti bega, akasema kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini, "Lakini huyu mzee muwe mnamwangalia. Umri umeshamchezea. Msimwachie vitu vya maana."

Mama aliisikia, akaingia ndani kuosha vikombe.

*

Mpaka jioni habari ilikuwa imeshazunguka ukoo mzima. Simu ya mke haikutulia. Wifi yake alipiga akicheka mpaka anakohoa: mama akija kwao wamfichie miwani, asije akaisugua nayo. Binamu akaomba asuguliwe televisheni. Mke alijibu "ehee" na "haya", akakata, akamkazia mumewe macho. Chakula kilikuwa mbele yao na mumewe alikuwa anazunguka meza.

"Mchanga hauwezi kukipindisha kioo," alisema.

"Fundi ndiye—"

"Fundi alikitengeneza Ijumaa, nikapanda gari jioni nikakaa mbele, nguzo zote zilikuwa zimenyooka. Seremala ameniuliza leo kama mume wangu alimaliza ile kazi aliyoazimia drili. Kazi gani?"

Kiberiti alisimama.

"Nilimwacha kaka yangu amwite mama yako mwehu," mke alisema. "Nilinyamaza kwa sababu nilidhani utasema. Nimeona haya leo. Sijawahi kukuonea haya, leo nimekuonea."

Kiberiti alikwenda chumbani kwa mama kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Mama alikuwa ameketi kitandani, anajipaka dawa ya kuchua magotini.

"Mama, kile kioo si wewe."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimezeeka, mwanangu, sijafa. Ile mashine ililia hapa dirishani kama mbuzi anayechinjwa, halafu nikasikia matusi. Nikasema, basi, ameharibu." Alifunika chupa ya dawa. "Na siku ile na mkeo mlinong'ona kama watu wanaonadi samaki. Mchanga juu ya kitanda, mama asijue. Nilijua kabla hujasukutua mdomo."

"Sasa kwa nini umesema ni wewe?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Nilikungoja wewe. Ukawa umenyamaza. Mgeni wa watu amesimama juani anauliza, majirani wanangoja, na wewe unatazama tairi. Ilibidi mtu ajibu."

Angempiga kofi ingekuwa nafuu. Kiberiti alitoka, akaichukua simu mezani, akaelekea mlango wa nje.

"Pigia hapa hapa," mkewe alisema.

Akapigia hapo hapo. Alisema yote, maneno yanakanyagana: drili, blanketi, unga, nguzo, kwamba mama hana kosa lolote, yote ni yeye. Upande wa pili palikuwa na mlio wa televisheni, kisha televisheni ikazimwa. Shemeji hakupayuka, na hilo lilimtisha Kiberiti kuliko makelele.

"Lete funguo kesho asubuhi."

"Nitaleta."

Mkewe alishasikia. Aliuweka mkono mdomoni, akafikiria kodi, akafikiria zile sare ambazo wenyewe hawajalipia. Lakini alivuta kiti, akamsogezea mumewe. "Kaa ule," alisema.

Mama alikuwa amefika mlangoni, anajishika ukuta. "Amesemaje?"

"Nirudishe gari, mama. Kesho."

"Umemwambiaje?"

"Kwamba yote ni mimi. Wewe hukufanya kitu."

"Umekosea tena," mama alisema, na mara hii alikuwa amekasirika kweli, tangu asubuhi ndiyo mara ya kwanza. "Wewe una kile kibonde tu. Mikwaruzo ni yangu, nimeisugua kwa mikono yangu hii mpaka mgongo ukaniuma. Nani amekutuma unichukulie? Mmoja ananiita mwehu, mwingine ananiita sikufanya kitu. Kesho nakwenda na wewe."

"Mama, hakuna haja—"

"Na nitakaa mbele," alisema. "Nimwonyeshe huyo kaka yenu kwa kidole, mkono wangu uliishia wapi, na wako ulianzia wapi."